Ijumaa Kabla Jua Halijazama

Mimi nikipata jambo zuri siwezi kulala nalo. Lazima nimwambie mtu, tena siku hiyohiyo, na asiponisikiliza nitamfuata mpaka jikoni. Ndugu zangu wamenizoea. Sasa fikiria hali yangu vuli ile ya mwaka elfu mbili na kumi na tano, nilipopata kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kiyahudi mjini Louisville, nikakuta kwake mambo ambayo sikuwahi kuyasikia, mimi niliyelelewa kanisani tangu nikiwa mgongoni.

Nilikuwa nakaa mtaa wa Beechmont na nilipanda mabasi mawili kufika kwake. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kumwogesha, kumpikia, kumkumbusha dawa, kumshika mkono akienda bustanini kugombana na majani yaliyoanguka. Lakini macho yake yalikuwa yamefifia, asiweze tena kusoma, na siku ya pili tu akaniuliza kama najua kusoma Kiingereza kwa sauti. Nikamwambia nasoma, ila ulimi wangu ni wa kambi ya wakimbizi Kigoma. Akasema ulimi wa Mungu pia si wa Louisville, nisome tu.

Ndivyo nilivyoijua sehemu ya wiki. Wayahudi wameigawa Torati vipande vipande, kila wiki kipande chake, na wiki hiyo wote wanasoma hichohicho, awe Louisville, awe Yerusalemu, awe mwisho wa dunia. Wakimaliza mwaka hawapumziki, siku wanayofika mwisho ndiyo siku wanayoanza tena mwanzo. Nilibaki mdomo wazi. Kwetu mchungaji hufungua Biblia pale moyo wake unapomtuma, na wa kwetu moyo wake ulimtuma kwenye fungu la kumi mara nyingi sana.

Basi Alhamisi ikawa siku yetu. Mimi nasoma, yeye ananikatiza. "Ngoja. Kwa nini amefanya hivyo?" Mimi najibu kwa sababu imeandikwa. Yeye anacheka mpaka meno ya bandia yanataka kutoka. Kwake, kuuliza hakukuwa ukaidi, ndiyo iliyokuwa ibada yenyewe. Aliniuliza kwa nini Mungu alianza na mtu mmoja tu, si kijiji kizima. Sikujua. Akasema wazee wao wanafundisha kwamba ni ili asiwepo mtu wa kumwambia mwenzake, baba yangu ni mkubwa kuliko wako. Sisi tuliotoka Burundi tunajua maneno ya baba wa nani ni nani yametufikisha wapi. Nilirudia kuusoma mstari ule tangu mwanzo.

Wiki nyingine ilikuwa ya yule mzee aliyekaa mlangoni pa hema wakati wa joto, Mungu amemtembelea, mara anaona wasafiri watatu, anainuka mbio kuwapokea. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utoto. Lakini bibi akaniuliza, "Sasa alipokimbia, alimwacha nani amekaa?" Jamani. Alimwacha Mungu. Alimwambia Mungu subiri kidogo, nina wageni. Siku hiyo ndani ya basi nilikuwa nacheka peke yangu, mama mmoja akahama kiti.

Kilichonishika zaidi, hata hivyo, hakikuwa kitabuni. Bibi alikuwa na mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, anakaa mji wa mbali. Walikuwa wakigombana kwa simu juma zima, kwa sababu yeye alitaka mama auze nyumba na mama hakutaka hata kusikia. Siku ya Jumatano bibi aliweza kumkatia simu. Lakini Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuingia, simu ililia, bibi akaniomba niiweke karibu na mdomo wake, akafumba macho na kumbariki. Maneno machache tu, ya zamani, na baada yake maneno yake mwenyewe ya kumtakia mema. Kule upande wa pili yule baba mzima alikuwa kimya kama mtoto anayefungwa vifungo vya shati.

Nikamwuliza, "Bibi, si mmegombana?"

"Tumegombana," akasema. "Na leo ni Ijumaa."

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Kwetu baraka ya mzazi haitoki hovyo. Inatoka siku ya harusi, siku ya safari kubwa, au siku mzazi anapoaga dunia, na mzazi akiinyima, mtoto anatembea nusu. Na dada yangu alikuwa anatembea nusu.

Dada alikuwa Columbus, Ohio, kwenye yale maghorofa ya Northland, karibu na maduka ya Waafrika ya barabara ya Morse. Baba yetu alikuwa Buffalo, kwa kaka yetu mkubwa aliyekuwa mfanyakazi wa usafi chuoni kule Amherst. Dada alikuwa ameolewa na Mkongomani wa Kivu, mtu mpole mpaka anakera, bila wazee wa mume kuja kukaa na baba kama inavyotakiwa. Baba hakuuliza kwa nini hawakuja. Siku dada alipompigia kumwambia wameshafunga ndoa, baba, ambaye kambini alikuwa mhubiri na kila neno lake watu waliliitikia amina, alisema mbele ya ndugu wote waliokuwa sebuleni: "Nenda. Usiniite baba tena, na mtoto utakayemzaa asije akaniita babu."

Dada akashika mimba, ikatoka. Hakumwambia mtu kilichokuwa moyoni mwake isipokuwa mimi. Sasa vuli ile alikuwa na mimba nyingine, tumbo limeshaonekana, na hakuwa amenunua hata soksi ya mtoto. Nilimwambia kwa simu nije twende dukani tuchague nguo, akanijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Nguo za nani? Baba alishasema." Alikuwa anaingia kazini kwenye ghala, anarudi, anakaa, anangoja mabaya. Hilo lilininyima raha yangu yote.

Kwa hiyo nikapanga njama. Baba hakuwa anakubali jina la dada litajwe, lakini hadithi za Biblia hawezi kuzikataa, hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Nikaanza kumpigia kila Ijumaa jioni nikiwa njiani kurudi Beechmont. "Shikamoo baba. Unajua Wayahudi wiki hii wanasoma nini?" Mara ya kwanza aliniuliza kama nimeacha dini. Mara ya pili alibishana nami kuhusu Mungu aliyeachwa kwenye hema, akasema bibi yako huyo anatia chumvi, kisha akasema, lakini ni kweli alikimbia. Mara ya tatu kaka aliniambia mzee ameshaoga, amevaa koti, amekaa dirishani na simu mkononi, na ole wake mtu mwingine atakayempigia wakati huo. Mimi huku nacheka kimoyomoyo. Samaki alikuwa anakaribia ndoano.

Nilichokuwa nakingoja ni sehemu ya mapacha na baba yao kipofu, ile inayosomwa mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa na hakika itamlainisha. Mzee haoni, amelaghaiwa kwa chakula kizuri na ngozi za mbuzi, akambariki mdogo badala ya mkubwa, kisha mkubwa akaingia na ukweli ukajulikana, mzee akatetemeka mwili mzima. Nilimsimulia baba kwa madoido yote, nikaigiza na sauti, abiria wa nyuma yangu wakafaidi bure. Nilipomaliza nikamtegea: "Sasa baba, huoni uchungu wa mtoto anayekosa baraka?"

 Baba akasema, "Umesoma vizuri. Je, yule mzee aliweza kulirudisha neno lake?"

"Hapana, baba."

"Alijua amelaghaiwa. Alimpenda yule mkubwa. Na bado hakuweza. Neno la mzazi likishatoka limetoka." Akavuta pumzi. "Wewe unadhani mimi nina hasira na dada yako. Hasira iliisha zamani. Nilipoambiwa mimba imetoka, nilijua ni mdomo wangu. Ningeweza kulirudisha neno lile ningelirudisha kwa magoti. Kitabu chako chenyewe kimesema haiwezekani. Usimwambie nimesema hivi." Na akakata simu.

Nilishuka kituo ambacho si changu. Yaani kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimempa baba ushahidi. Ningemsimulia hayo mtu mwingine asingeelewa, angesema hizo ni hadithi za kale, mpe dada yako pole yaishe. Lakini sisi watu wa kanisa la kambini ukitutolea andiko umetufunga kamba. Baba alikuwa amejifunga nalo, na dada kule Columbus amejifunga na lilelile, na kati yao hakuna aliyekuwa na chuki hata chembe.

Jumatatu nilifika kwa bibi nimevimba. Nilimpa uji wake bila kumsalimu vizuri. Aliponiuliza, nikamwambia kitabu chenu kimeniharibia nyumba. Nikamweleza yote: baba, neno, mimba, mapacha, simu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakunikatiza. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuwasikia wakisoma laana sinagogini.

"Laana gani?"

Akanieleza kwamba kuna sehemu mbili za Torati, zinafika wakati mwingine wa mwaka, zimejaa mabaya matupu: ugonjwa, njaa, vita, kutawanyika. Anayesoma akifika hapo anashusha sauti mpaka watu wanainama kumsikia, na anasoma haraka. Lakini haruki neno. Hakuna mtu mwenye ruhusa ya kufuta hata herufi moja kwenye ngozi ile iliyoandikwa Torati.

"Sasa hiyo inanisaidia nini, bibi? Si ndiyo hayohayo anayosema baba?"

"Hujaniacha nimalize. Hairuhusiwi kuishia pale. Aliyeanza kusoma mabaya ni lazima aendelee bila kukata mpaka afike kwenye neno jema, hata kama kipande kitakuwa kirefu na watu wana njaa. Huwezi kufunga kitabu kwenye neno baya ukawaambia watu nendeni nyumbani." Akatafuta mkono wangu juu ya meza. "Mwambie baba yako hakuna anayemtaka alirudishe neno. Alisimama mahali ambapo hairuhusiwi kusimama, basi."

Niliinuka nikaanza kutembea humo jikoni, mbele na nyuma. Nilijisikia kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima na kuukuta mkononi. Bibi akaniambia nikae, namtia kizunguzungu. Sikuweza kungoja Ijumaa. Nilingoja, kwa sababu baba alikuwa hapokei simu zangu siku nyingine, lakini niliingoja vibaya, nikaunguza maharage mara mbili.

Ijumaa alipokea. Sikupamba wala sikuigiza. Nilimweleza kama nilivyoelezwa: sauti ya chini, haraka, hakuna kufuta, na hakuna kuishia pale. Nikaangalia kama simu imekatika.

"Hiyo sheria imeandikwa wapi?" akauliza hatimaye.

"Ni desturi yao, baba. Ya kusoma."

"Hm," akasema. Akaniuliza habari za baridi ya Louisville.

Wiki zilizofuata hakuligusa tena jambo hilo. Tukaongea ndoto, visima, ndugu waliomuuza mdogo wao, njaa ya Misri. Nami, kwa mara ya kwanza maishani, nilifunga mdomo. Sikumwambia dada chochote, kwa sababu kumpa mtu wa namna ile tumaini halafu lianguke ni ukatili. Mwezi wa kumi na mbili ulipoanza, baba akaniuliza kama ni kweli Krismasi mwaka huo inaangukia Ijumaa. Nikamwambia ni kweli. Akauliza Wayahudi watakuwa wanasoma nini wiki hiyo.  Nikamwambia ni mwisho wa kitabu cha kwanza, mzee yuko kitandani, anaita wajukuu wake wawili waliozaliwa ugenini, anawawekea mikono vichwani.

"Hm," akasema tena. Siku mbili baadaye kaka akanipigia. "Umemfanya nini mzee? Anataka nimpeleke Columbus."

Mwanawe bibi alikuja kukaa na mama yake sikukuu ile, na mimi nikapanda basi la masafa marefu kwenda kwa dada. Mwaka ule theluji ilikuwa imechelewa kila mahali, hata Buffalo, na Krismasi Columbus watoto walikuwa nje bila makoti. Dada nilimwambia tu kwamba baba na kaka watapita. Alikaa chini polepole akishika kiti. "Anakuja kusema nini kingine?" akauliza.

Walifika alasiri. Shemeji aliwapokea mlangoni na aproni yake, ameshapika samaki na sombe, kisamvu cha kwao, tangu asubuhi. "Karibu baba, ingiya, ikala hapa, donc hapa ni kwako." Baba akampa mkono bila kumtazama sana usoni. Akakaa na koti lake mwilini. Dada akamsalimia kwa mbali, "Shikamoo," bila kuongeza baba, kwa sababu alikuwa amekatazwa. Baba akaitikia akitazama zulia. Chakula kikaletwa, baba hakula. Kaka akaanza kueleza habari za barabara, akaeleza mpaka barabara zote za Ohio zikaisha. Mimi nilikuwa nataka kupiga kelele.

Kisha baba akageukia dirisha. "Hapa jua linazama saa ngapi?"

"Karibu litazama, baba," nikasema.

Akasimama, akavua koti, akamwambia dada, "Njoo hapa." Dada alitaka kupiga magoti, baba akamzuia kwa sababu ya tumbo, akamketisha kwenye kiti cha mezani, akaweka mkono wa kuume juu ya kichwa chake.  Akainamisha uso na kuanza kusema chini chini, haraka, kiasi kwamba ilibidi nisogee.

"Nenda. Usiniite baba tena, na mtoto utakayemzaa asije akaniita babu."

Dada akashtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kaka akasimama kutaka kumzuia mzee. Na mimi, niliyejua, hata mimi nilidhani yamekwisha. Lakini baba hakuvuta pumzi. Aliendelea palepale, na sauti ikaanza kupanda:

"Na Mungu aliyetuvusha mto usiku sisi tukiwa na watoto migongoni akuvushe na wewe. Tumbo lako lifunguke kwa amani. Mtoto wako atoke analia, alie kwa nguvu, mtaa huu wote usikie kuna mtu amezaliwa. Maziwa yako yasikauke. Usingizi wako urudi. Uniite baba asubuhi, uniite baba jioni. Na yeye aniite babu. Aniite babu, aniite babu mpaka nichoke kuitika."

Hatukuitikia amina.  Dada alikuwa ameshika mkono ule kwa mikono yake miwili, anaubana kichwani pake usiondoke, machozi yanadondoka juu ya tumbo.

"Endelea, baba," akasema.

Baba akatafuta neno, akakosa. Akainua uso, na macho yake yakamkuta shemeji amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi, kama mtu anayetazama karamu ya wengine.

"Na wewe," baba akamwambia, "kwenu nani alikubariki mlipooana?"

Shemeji akacheka kile kicheko chake cha kutotaka kumsumbua mtu. "Hakuna, baba. Kwetu balikufaka bote. Nilikuwaka mutoto."

Nilimwona baba akilipokea jibu hilo. Wazee aliowangoja waje kukaa naye walikuwa ardhini muda wote ule. Alimwita kwa kidole. Shemeji akaja, akapiga magoti kando ya kiti cha dada na kitambaa chake bado mkononi, na baba akamwekea mkono wa kushoto juu ya kichwa.

Kisha akaendelea.